Kupimwa bure kunakogharimu maelfu

Huenda umewahi kusimamishwa mjini ukaambiwa una bahati: utapimwa mwili mzima bila malipo. Unashikishwa kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika chache unasomewa orodha ya maradhi: ini, figo, moyo, hata mifupa.

Hapo ndipo biashara huanza. Unaambiwa hali ni mbaya, tembe za kukuponya ziko papo hapo kwa maelfu ya shilingi, na bei hiyo ni ya leo tu.

Usitishike. Kushika chuma hakuwezi kuonyesha ugonjwa wa figo wala ini. Viungo hivyo huchunguzwa kwa damu na mkojo. Sukari huhitaji tone la damu, na presha hupimwa kwa mkanda unaofungwa mkononi.

Hatari kubwa si pesa pekee. Wapo wanaoacha dawa za presha au sukari wakitegemea tembe hizo, kisha wakaletwa hospitalini wamepooza au wamezirai.

Kwa hivyo, usilipe siku hiyo na usiache dawa zako. Nenda ukapimwe katika kituo cha afya. Ugonjwa wa kweli utaonekana huko pia.