Ukinyimwa Ruhusa ya Kukata Mti Wenye Kulindwa

Ninyi watu wa Masisi na Walikale, miti mnaijua. Mnajua mti wa mbao, mti wa makala, mti wa dawa, na mti wa kutegemeza shimo la madini ili udongo usiwaangukie wachimbaji. Lakini iko miti ambayo mtu hawezi kuikata kwa shauri lake mwenyewe, hata ikisimama mlangoni pake. Watu wengi huenda kuomba ruhusa, wakanyimwa. Basi wengine hukata usiku, na wengine hurudi nyumbani wakinung'unika tu. Wa kwanza atapata kifungo au faini. Wa pili hapati kitu. Iko njia ya tatu, nayo ni kupeleka shauri lako mbele.

Kwanza, ujue sababu ya kukataliwa. Mkubwa akisema «hapana» kwa mdomo, mwombe kwa heshima aandike neno lake katika karatasi, pamoja na tarehe, jina la mti, mahali ulipo na sababu yake. Bila karatasi hiyo utashindana na upepo. Tena, usimlipe mtu yeyote ili akuandikie sababu. Fedha inayotakiwa na Serikali hutolewa risiti. Isiyo na risiti si ya Serikali.

Ukiisha kupata sababu, ipime. Sheria ya misitu ya Kongo ni ya tarehe 29 Agosti 2002. Yasema kwamba misitu ni mali ya Serikali. Lakini yasema pia, katika kifungu cha 9, kwamba miti iliyo kijijini, au karibu kabisa na kijiji, au ndani ya shamba, ni mali ya kijiji au ya mwenye shamba. Watu wengi hawajui neno hili. Kama mti wako umo shambani mwako na karatasi imesema «mti wa msituni», hapo una neno la kujibu. Mlete mwenye kijiji na majirani waonyeshe mpaka wa shamba.

Lakini mti kuwa mali yako hakuondoi ulinzi wake. Tazameni prunus, mti wa milimani, ambao wenye kusema Kinyarwanda huuita umwumba. Ganda lake hupelekwa Ulaya kufanywa dawa ya wazee wasioweza kukojoa vizuri. Watu waliuchuna mno katika nchi nyingi za Afrika, na tangu mwaka 1995 mti huo umeandikwa katika mapatano ya mataifa yaitwayo CITES, hata ganda lake halivuki mpaka bila kibali. Ukichuna ganda pande zote, mti unakufa. Ukichuna robo upande mmoja na robo upande wa pili unaoelekeana nao, ukaacha katikati ganda zima toka chini hata juu, mti waweza kupona. Basi mtu aliyenyimwa ruhusa ya kuangusha prunus aombe upya, aseme atachuna namna hiyo. Ombi dogo lenye akili hupita mahali ambapo ombi kubwa limekwama.

Sababu nyingine ni maji. Sheria hiyo yakataza kufyeka miti katika mita 50 kila upande wa mto, na mita 100 kuzunguka chemchemi. Ukikataliwa kwa sababu hiyo, chukua kamba, upime mbele ya mashahidi. Ukikuta mita 80 kutoka chemchemi, acha mti usimame, maana hata mkubwa wa juu atakataa, na ng'ombe wako ndio watakaokosa maji. Ukikuta mita 130, andika hesabu hiyo katika barua yako.

Ya tatu ni biashara. Kifungu cha 36 chawapa wenyeji haki ya kutwaa vitu vya msitu kwa kazi za nyumbani, kwa kufuata desturi yao; bali kuviuza kumekatazwa, isipokuwa matunda na vitu vilivyoandikwa na gavana wa jimbo. Kama uliomba nguzo za nyumba, na mkubwa alifikiri unataka kuziuza mashimoni, eleza nyumba ni ya nani, ina vyumba vingapi, yataka nguzo ngapi. Usidanganye. Kadi ya kuchimba madini nayo si kibali cha kukata miti. Wachimbaji wengi huchanganya mambo haya mawili. Na mti ukiwa ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo tangu 1975 yafika hata Walikale, usipoteze karatasi yako. Huko haki hizo za desturi hazitumiki.

Sasa habari ya barua. Mwandikie kwanza yule yule aliyekataa, umwombe atazame tena. Sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016 juu ya mahakama za mambo ya utawala yataka hivyo: mahakama haipokei mashitaka ya mtu ambaye hakumlalamikia kwanza mkubwa mwenyewe. Sheria hiyo ina muda wake, usingoje mavuno. Akikataa tena, mwandikie aliye juu yake. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 27, yampa kila Mkongo haki ya kuandika ombi kwa wakubwa, peke yake au pamoja na wenziwe, na mkubwa apaswa kujibu katika miezi 3. Tena hakuna ruhusa ya kumshitaki mtu kwa sababu ameandika ombi hilo.

Barua isiwe ndefu. Sema: «Mimi fulani, wa kijiji fulani, niliomba tarehe fulani kukata mti mmoja unaoinamia nyumba yangu. Nimekataliwa kwa sababu hii. Sababu hiyo si sawa kwa maneno haya. Naomba mtu aje kuutazama.» Neno hilo la mwisho lina nguvu. Katika Uingereza, mtu aliyekataliwa na baraza la mji kukata mti wenye kulindwa ana siku 28 za kukata rufani, na kwa kawaida hutumwa mkaguzi kuuona mti kwa macho yake. Shina lililooza lajisemea lenyewe. Kwa hiyo usiliguse wala usichome moto mizizi wakati shauri linangoja. Ukifanya hivyo umejishitaki.

Andika barua mbili zilizo sawa. Moja mwachie mkubwa; ya pili igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa, uirudishe nyumbani, uifunge katika plastiki mbali na mvua na panya. Na kabla ya kusafiri uliza ofisi iko wapi: baada ya Goma kutekwa na M23 mwezi wa Januari 2025, ofisi ya gavana ilihamia Beni, na watu wengine walitembea bure. Kama njia imefungwa na vita, mpe barua mwami au mkubwa wa kikundi, naye aandike siku aliyoipokea.