Elimu ya wanyamapori na uvuvi (Ngara na Biharamulo)

Elimu ya wanyamapori na uvuvi ni masomo yanayomwandaa mtu kutunza wanyama wa porini, samaki na mazingira yao. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, Tanzania, masomo hayo yanagusa moja kwa moja Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi. Ndani yake limo Ziwa Burigi.

Umuhimu

Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Ngara. Ukataji wa kuni na ujangili wa kutafuta kitoweo vilipunguza sana wanyama katika mapori hayo. Kuyarejesha katika hali nzuri kunahitaji askari wa doria, lakini pia wataalamu wa kuhesabu wanyama, kufuatilia magonjwa yao na kushirikiana na vijiji jirani.

Vyuo

Mwanafunzi hujiandaa tangu sekondari kwa kusoma biolojia, kemia na jiografia. Mafunzo ya wanyamapori hutolewa Pasiansi (Mwanza), Mweka (karibu na Moshi) na, kwa ngazi ya shahada, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mafunzo ya uvuvi hutolewa Nyegezi (Mwanza), na shahada katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kazi

Wahitimu huajiriwa na TANAPA, TAWA, taasisi ya utafiti wa uvuvi TAFIRI, au halmashauri za wilaya kama maafisa wanyamapori na uvuvi. Wengine huongoza watalii au huchimba mabwawa na kufuga samaki.