Ghala la Taka za Nyuklia ni Kazi ya Karne Nzima

Wakazi wa Uyombo, wadi ya Matsangoni, Kilifi, walipoukataa mpango wa kujengewa kinu cha nyuklia cha megawati 1,000, waliitetea bahari wanakovua, hori ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Hoja hizo zina uzito. Ila iko nyingine inayostahili mjadala mpana kuliko ulioipata: umeme ukishatumika taka hubaki, na lazima pawe na watu wa kuzitunza. Husemwa kwamba jibu linajulikana, yaani zichimbiwe chini sana na kufunikwa. Naamini kina ni sehemu nyepesi ya jibu hilo. Sehemu ngumu ni kuliendesha ghala lenyewe, siku baada ya siku, kwa miaka mingi kuliko umri wa taasisi nyingi tulizo nazo.

Kinu cha ukubwa huo hutoa tani 20 hadi 30 hivi za fueli ya urani iliyotumika kila mwaka. Hutoka ikiwa na joto na mionzi mikali, hivyo hukaa majini kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamishwa. Ndani yake mna plutoni, ambayo aina yake moja huchukua miaka 24,000 kupungua nusu. Magofu ya Gede, jirani kabisa na Matsangoni, yalihamwa yapata miaka 400 iliyopita, na mpaka leo wataalamu hawajaafikiana kwa nini wenyeji waliondoka. Kumbukumbu ya binadamu haiwezi kutegemewa kwa muda wa namna hiyo, ndiyo maana mwamba unahitajika. Ufini ndiyo iliyofika mbali zaidi. Huko Onkalo, katika manispaa ya Eurajoki, wamechimba zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni 2. Fueli itatiwa katika mitungi ya shaba, na kila mtungi uzungushiwe udongo wa bentonaiti, ambao ukilowa hufura na kuzuia maji yasipite. Kazi ya kuijaza mitungi, kuishusha na kuziba njia imepangiwa takriban miaka 100.

Hapo ndipo hatari ilipo, katika miaka ambayo mlango bado u wazi na watu wanaingia na kutoka. Ujerumani ilishusha mapipa yapatayo 126,000 katika mgodi wa zamani wa chumvi uitwao Asse kati ya 1967 na 1978. Maji yakapenya, na mwaka 2013 ikapitishwa sheria ya kuyatoa mapipa yale, kazi ngumu kuliko ile ya kuyaingiza. Nchini Marekani, ghala la WIPP katika jimbo la New Mexico limo ndani ya chumvi, zaidi ya mita 600 chini, na chumvi hiyo haikuwa na kosa lolote. Februari 2014 lori la kubebea chumvi lilishika moto humo ndani, na uchunguzi ukagusia matengenezo duni. Siku tisa baadaye pipa moja likapasuka. Huko lilikojaziwa, udongo wa kunyonya majimaji ulikuwa umebadilishwa ukatumiwa mchanga wa choo cha paka uliotengenezwa kwa ngano, nao haupatani na chumvi za naitreti zilizokuwamo pipani. Wafanyakazi zaidi ya 20 walipatikana na chembe za mionzi mwilini, na ghala likasita kupokea taka kwa karibu miaka mitatu. Lori lisilotunzwa, kisha badiliko dogo lisilokaguliwa: hayo yalitosha.

Watetezi wa nyuklia husema taka hizi ni kidogo kwa ujazo zikilinganishwa na jivu la makaa ya mawe. Ni kweli, na wanaopinga wakubali hivyo. Lakini WIPP ilifungwa kwa sababu ya pipa moja, kwa hiyo uchache peke yake haumlindi mtu. Wengine husema muuzaji atairudisha fueli kwao, kama Urusi ilivyokubaliana na Bangladesh mwaka 2017. Mkataba kama huo ni wa kuupigania. Hata hivyo fueli lazima ipoe kwanza hapo hapo kinuni, na taka hafifu za uendeshaji hubaki kwa mwenye kinu. Tena wako wanaoona kwamba Serikali ilipogeukia Siaya mwaka 2025, Kilifi ilitua mzigo. Sikubali. Kinu kikijengwa popote Kenya, taka zake ni za Kenya, na pwani yetu ya mawe ya matumbawe, yenye vinyweleo na visima vifupi vya maji, haifai hata kufikiriwa.

Tayari tunazo taka za mionzi za hospitali na viwanda, na kituo cha kuzihifadhi kiko Oloolua, Ngong. Sheria ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia. Huo ni mwanzo mzuri. Lakini Owino Uhuru, Mombasa, watu walidhurika kwa madini ya risasi ya kiwanda kilichokuwa mtaani mwao, na mwaka 2020 mahakama iliwatunukia fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikizitia hatiani na taasisi za Serikali. Kiwanda kile kilikuwa kidogo, juu ya ardhi, machoni pa kila mtu, na ukaguzi bado ulishindwa.

Kwa hiyo, kabla ya jiwe la kwanza la kinu kuwekwa, iwe Siaya au kwingine, Bunge lidai mpango wa taka ulioandikwa, mfuko unaochangiwa na mwenye kinu tangu siku ya kwanza kama ulivyo Ufini, na rejista ya kila pipa iliyo wazi kwa raia. Na wenyeji wapewe walichokuwa nacho watu wa Eurajoki: haki ya kisheria ya kukataa.