Hasikilizi, au sentensi imemzidi?

Wazazi wa mtaa wa Musaga, hapa Burundi, wanaoniletea watoto kwa masomo ya jioni huja na shtaka moja: "Mwalimu, huyu hasikilizi." Mimi humwambia mtoto: toa daftari. Anatoa. Andika tarehe. Anaandika. Kisha nampa agizo la shuleni lenyewe: piga mstari, fungua ukurasa wa 34, fanya swali la tatu na la tano. Mstari unapigwa, halafu macho yanahamia kwa jirani.

Masikio ni mazima. Kilichojaa ni kumbukumbu ya kazi, ile inayoshika maneno kwa sekunde chache huku tukiyatumia. Wanasaikolojia Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch waliieleza mwaka 1974; mwaka 2001 Nelson Cowan wa Marekani alikadiria kwamba mtu mzima hushika vitu vinne hivi kwa wakati mmoja. Mtoto hushika pungufu, na wa rika moja hupishana sana. Mwanasaikolojia Susan Gathercole aliwachunguza watoto wenye kumbukumbu ndogo ya kazi Uingereza: walimu wao waliwaona hawako makini, ni nadra aliyetaja kumbukumbu.

Burundi tuna mzigo wa ziada. Mtoto huanza shule kwa Kirundi, baadaye masomo yanageuka Kifaransa, na sauti za lugha usiyoizoea hazikai kichwani. Nina msichana wa darasa la tano ambaye imla ya Kirundi huimaliza bila shida. Ya Kifaransa huandika maneno mawili ya mwanzo na lile la mwisho, katikati peupe. Wakimkaripia ndiyo kabisa, maana hofu nayo hula nafasi ileile.

Si wote wanaokwamishwa na kumbukumbu, lakini. Wapo wasioona ubao, waliolala njaa, wenye malaria, na wenye ugonjwa hasa wa kukosa utulivu, ambao mara nyingi huandamana na udhaifu huu wa kumbukumbu. Macho na masikio yapimwe kwanza.

Michezo ya kompyuta ya kunoa kumbukumbu sishauri. Mtoto huwa bingwa wa mchezo, hesabu zikabaki palepale. Mimi hukata maagizo vipande vifupi, namwambia ayarudie kwa maneno yake, na ile moja anayoibeba kwenye kujumlisha aiandike juu. Msichana wangu namsomea imla maneno matatu matatu. Mapengo yamepungua, ingawa kwenye mtihani wanamsomea sentensi nzima.