Sasisho la Usiku na Mluzi wa Paani

Wenye magari ya umeme wakikutana, iwe kwenye kituo cha kuchaji cha California au kwenye gereji ya Nairobi, mazungumzo hayakawii kufika kwenye mambo mawili. La kwanza ni sasisho la programu lililoingia usiku gari likiwa limeegeshwa: limeongeza nini, limeharibu nini. La pili ni kelele ya upepo inayotoka juu, kwenye kioo cha paa. Kisha mambo hayo mawili hufungwa pamoja: "Kelele hii sikuwa nayo. Imeanza baada ya gari kujisasisha."

Anayesema hivyo hadanganyi. Masikio yake yamesikia kitu. Shida iko kwenye chanzo. Mara nyingi sasisho na mluzi vimeangukia wiki moja tu na havina undugu wowote. Lakini ipo sehemu moja finyu, ya milimita chache, ambapo programu na upepo hukutana kwelikweli, na mwenye gari akiijua ataokoa fedha nyingi. Hatanunua mpira mpya wakati kompyuta imesahau tu kioo kinaishia wapi. Wala hatakaa mwaka mzima akisubiri sasisho limnyooshee kioo kilichofungwa upande.

Tuanze na upepo wenyewe. Katika gari la petroli, injini hufunika mengi. Ukiiondoa zinabaki sauti mbili kubwa, ya matairi chini na ya hewa juu, na ukishafika kilomita 100 kwa saa hivi, hewa ndiyo inayotawala. Kwa hiyo gari la umeme lenye kelele ya upepo si lazima liwe limeundwa vibaya kuliko la petroli. Halina tu cha kuficha kasoro zake. Tesla Model 3 ni mfano mzuri. Paa lake ni la kioo kisichofunguka, na tangu matoleo ya mwanzo wamiliki wa Marekani walilalamikia upepo, wengine wakanunua vipande vya mpira na kuziba mfereji ulio kati ya kioo na kioo. Mwishoni mwa 2020 kampuni ilianza kuweka kioo cha tabaka mbili kwenye milango ya mbele, na toleo jipya la 2023 likapewa vioo vya kuzuia sauti pande zote. Programu isingeweza kuifanya kazi hiyo.

Jinsi sauti ya hewa inavyokua huwashangaza hata madereva wazoefu. Mwaka 1955 mwanahisabati N. Curle, akiendeleza kazi ya James Lighthill, alionyesha kwamba nguvu ya sauti inayozalishwa na hewa ikipita juu ya kitu kigumu huongezeka kwa kipeo cha sita cha mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 120, mwendo umeongezeka kwa nusu tu, lakini nguvu ya sauti imekuwa mara 11. Kwa kipimo cha desibeli ni nyongeza ya kama 10, na sikio la binadamu huisikia kama kelele iliyoongezeka maradufu.

Tena mwendo unaohesabiwa ni ule wa hewa dhidi ya gari. Dashibodi haiujui. Dereva anayetoka Malindi kwenda Mombasa mwezi Julai kwa kilomita 80 kwa saa, kusi ikimvumia usoni kwa kilomita 25, anasikia upepo wa kilomita 105, na nguvu ya kelele ni kama mara tano ya siku iliyotulia. Mwezi Januari, kaskazi ikimsukuma mgongoni, njia ileile na gari lilelile vitakuwa kimya. Majira yakibadilika wiki ileile gari liliposasishwa, nani atakumbuka kuulaumu upepo? Hii ndiyo sababu kila ninapoletewa malalamiko ya kelele swali langu la kwanza ni siku gani, barabara gani, na gari lilielekea wapi.

Sasa, kelele ya paa si moja. Zipo mbili, na tiba ya moja haifai kwa nyingine.

Ya kwanza ni mvumo mzito unaopiga masikio, dumdumdum, dirisha la paa likiwa wazi. Mtu huusikia zaidi kama mgandamizo kuliko kama sauti, na abiria wa nyuma ndio wanaoumia. Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza kiini chake katika karne ya 19: puliza hewa juu ya mdomo wa chupa ya soda iliyo tupu nayo itavuma. Gari ni chupa kubwa sana. Chumba cha abiria chenye hewa ya mita za ujazo tatu hivi, na tundu la paa juu yake, huvuma kwa masafa yanayokaribia hezi 20, ambayo ndiyo mpaka wa chini wa usikivu wetu. Hewa inayopita juu ya tundu huvunjika kuwa vizunguzungu vidogo. Kila kimoja kikigonga ukingo wa nyuma hutuma msukumo ndani, na misukumo hiyo ikilingana na mvumo wa asili wa chumba, basi kelele hulipuka. Ndiyo maana mvumo huu huja kwenye mwendo fulani wa kati na ukiongeza mwendo zaidi hupotea. Kelele inayopungua gari likikimbia si ya mpira uliochoka, na fundi asikubadilishie mpira kwa sababu yake.

Tiba ya papo hapo ni kushusha dirisha la nyuma upana wa vidole viwili. Tundu la pili huvuruga ule ulinganifu. Tiba ya kudumu iko kwenye kile kibao chembamba, au wavu, unaoinuka kwenye ukingo wa mbele wakati kioo kinarudi nyuma. Kazi yake ni kuinua mkondo wa hewa uruke tundu na kuvivunja vile vizunguzungu visije kwa mpangilio. Fungua paa, simama kando ya gari, ukitazame. Kinainuka chote, au upande mmoja umebaki chini? Kwenye barabara zetu za vumbi springi zake hukwama kwa mchanga, na brashi laini na kitambaa chenye maji humaliza kazi. Angalia pia kioo kinasimama wapi. Magari mengi yamepangwa kukisimamisha kabla hakijafika mwisho, mpaka ubonyeze mara ya pili. Wahandisi walipaona mahali pa mvumo wakapakwepa, na hapo programu imekuwa dawa ya upepo.

Ya pili ni mluzi, na huja paa likiwa limefungwa. Huu ni mwembamba, mkali, na hukua kila unapoongeza mwendo. Chanzo chake ni mwanya ambao hata ncha ya kalamu inaweza isiingie, au ukingo uliojitokeza mbele ya mkondo wa hewa. Vitabu vya mafundi hutoa vipimo vinavyofanana: ukingo wa mbele wa kioo uwe sawa na bati au chini yake kwa kama milimita moja, na ukingo wa nyuma uwe sawa au juu kidogo tu. Hewa inatoka mbele. Ukingo wa mbele ukiwa juu ya bati unakuwa kisu. Ukiwa chini, hewa inateleza juu yake. Pitisha ukucha taratibu kutoka kwenye bati kuja kwenye kioo, kona ya kushoto, katikati, kona ya kulia. Ukucha utakuambia kona ipi imenyanyuka kabla ya chombo chochote. Skrubu za kurekebisha kimo huwa chini ya vifuniko vya plastiki pembeni mwa kioo, na fundi mzoefu hulegeza, hushusha na kukaza bila kubadilisha kitu.

Kabla ya kumwona fundi, nunua tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Chagua barabara laini na asubuhi isiyo na upepo, zima feni, mpe abiria simu yenye programu ya kupimia desibeli, kisha upite kwa mwendo uleule ulioruhusiwa na kwa mwelekeo uleule. Pita kwanza bila tepu. Halafu ziba mshono wa mbele wa kioo cha paa, upite tena. Kisha pande zote mbili, kisha nyuma, kisha viungo vya keria ya paani kama ipo, kisha tako la kioo cha pembeni. Usizibe vyote kwa mpigo, maana hutajua kipi kilinyamazisha mluzi. Watu wengi wanaoapa kwamba kelele inatoka juu huishia kuikuta kwenye kioo cha pembeni au kwenye mpira wa mlango. Sikio letu ni hodari kutofautisha kushoto na kulia, ila ni dhaifu sana kupambanua juu na chini. Bandua tepu mara moja, maana jua likiipiga gundi hubaki kwenye rangi.

Mpira wenyewe mara nyingi hauhitaji kubadilishwa. Ufute vumbi, uukaushe, upake grisi ya silikoni kidogo sana. Usipake grisi ya magurudumu wala mafuta ya injini kwa hali yoyote. Mipira ya milango na paa huundwa kwa aina ya raba inayovimba ikikutana na mafuta ya petroli, na ikishavimba hairudi.

Sasa programu, kwa sababu nisingependa msomaji aione kama kitu cha skrini na muziki tu. Mwezi Mei 2018, Consumer Reports, shirika la Marekani la kupima bidhaa, liliipima Model 3 ikasimama kwa futi 152, takriban mita 46, kutoka maili 60 kwa saa. Siku chache baadaye sasisho lilitumwa hewani, gari likapimwa tena na kusimama kwa futi 133. Mita kama sita zilipatikana bila fundi kugusa breki. Na Septemba 2022 Tesla ililazimika kurekebisha magari yapatayo 1,100,000 nchini Marekani, kwa sababu madirisha yake yaliweza kuchelewa kurudi chini yakikutana na kidole cha mtu. Marekebisho yalikuwa sasisho.

Hapo ndipo tunafika kwenye zile milimita chache. Sheria za Marekani na kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka dirisha au kioo cha paa kinachojifunga chenyewe kisibane kitu kwa nguvu inayozidi nyutoni 100, sawa na uzito wa kilo kumi hivi, wakati uwazi uko kati ya milimita 4 na 200. Chini ya milimita 4 kidole hakipiti, kwa hiyo mota inaruhusiwa kusukuma kwa nguvu, nayo inaihitaji nguvu hiyo ili kuukandamiza mpira. Mota inajuaje imefika kwenye zile nne za mwisho? Haina macho. Kompyuta yake huhesabu mizunguko kuanzia mahali ilipojifunza kuwa ndipo mwisho. Kumbukumbu hiyo ikipotea au ikisogea, kioo kinaweza kuuona mpira kama kidole na kurudi nyuma, au kusimama kikiwa kimeugusa tu bila kuukandamiza. Kwa macho kimefungwa. Kwa upepo kiko wazi.

Kumbukumbu hupotea hasa betri ndogo ya volti 12 inapoisha au kubadilishwa, na magari karibu yote ya umeme bado yanayo betri hiyo. Sasisho linalozima na kuwasha kompyuta za gari linaweza, mara chache, kuleta matokeo hayohayo. Yanayohusika zaidi ni magari yenye milango isiyo na fremu, kama Model 3, ambayo kioo hushuka kidogo unapofungua mlango na kupanda tena kujikita kwenye mpira ukiufunga. Mwenye gari anayesikia mluzi asubuhi ya baada ya sasisho, na jana haukuwapo, aanze hapa: kukifundisha kioo upya. Katika magari mengi unashikilia kitufe cha kufunga bila kuachia, kioo kifike mwisho, kijifungue na kujifunga chenyewe. Muda na utaratibu hutofautiana, na kitabu cha gari huueleza. Mluzi ukibaki baada ya hapo, rudi kwenye tepu.

Ninalolilalamikia kwa watengenezaji ni maelezo yao mafupi mno. "Marekebisho madogo na maboresho" si maelezo. Kanuni namba 156 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika Ulaya kwa magari yote mapya tangu Julai 2024, inamtaka mtengenezaji amweleze mwenye gari kabla ya sasisho kusudi lake na mabadiliko yake, amjulishe baadaye kama limefaulu, na likikwama gari lirudi kwenye toleo la awali au libaki katika hali salama. Mmiliki wa Dar es Salaam au Kampala anastahili taarifa hiyohiyo.

Kwetu hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mengi ya magari haya huja yakiwa yametumika Japani, Uingereza au Uchina. Laini ya simu iliyomo ndani mara nyingi hufanya kazi katika nchi iliyokusudiwa tu, na akaunti bado ni ya mmiliki wa kwanza. Hata Uingereza kwenyewe, Aprili 2024 Nissan ilisitisha huduma ya simu kwa Leaf za zamani zilizotegemea mtandao wa 2G. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue ukurasa wa toleo la programu, uandike namba na tarehe. Muulize akaunti imefutwa au la. Kisha omba kuliendesha barabara kuu paa likiwa limefungwa, halafu likiwa wazi. Gari lisilopokea masasisho bado linaweza kufundishwa kioo chake kwa kitufe, hilo halihitaji mtandao. Ila kitabu chake kikiwa cha Kichina au Kijapani, tafuta mtu wa kukisoma kabla fundi hajashika skrubu.