Dawa ya tezi ipo tangu enzi za kondoo, mtoto ndiye huchelewa kuonekana

Mtoto mchanga anayelala sana, halii ovyo na hadai kunyonya husifiwa na kila anayekuja kumwona. "Huyu mpole, hasumbui." Mara nyingi ni kweli. Lakini kwa takriban mtoto mmoja kati ya kila 2,000 hadi 4,000 wanaozaliwa, upole huo ni ugonjwa. Tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo yenye umbo la kipepeo, haipo, ni ndogo mno au haitoi homoni ya kutosha. Ubongo wa mtoto hauwezi kukua vizuri bila homoni hiyo, na asipotibiwa mapema hudumaa mwili na akili.

Kinachouma ni kwamba dawa yake ni ya zamani.

Mwaka 1883 daktari wa upasuaji wa Uswisi, Theodor Kocher, alieleza kuwa wagonjwa wake walioondolewa tezi yote kwa sababu ya goita walikuwa wazito, wamevimba, na waliokuwa watoto waliacha kurefuka. Hapo madaktari wakaanza kuelewa kazi ya tezi hiyo. Mwaka 1891, mjini Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alikamua tezi za kondoo, akachanganya na gliserini na kumdunga mwanamke wa miaka 46 aliyevimba uso na kuwa mzito wa kusema. Mama yule akapata nafuu. Aliishi miaka 28 zaidi, na kwa muda wote huo alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870.

Mwaka uliofuata ikagundulika kuwa sindano si lazima, kula tezi kunatosha. Daktari mmoja, Edward Fox, alimpa mgonjwa wake tezi ya kondoo iliyokaangwa kidogo, ikaliwa na jeli ya matunda!

Tatizo lilikuwa kipimo, kwani nguvu ya tezi ya mnyama mmoja si sawa na ya mwingine. Siku ya Krismasi 1914, Edward Kendall wa Mayo Clinic, Marekani, alipata chembe safi za homoni yenyewe, thairoksini. Ili kupata gramu zipatazo 33 alihitaji karibu tani 3 za tezi za nguruwe. Mwaka 1927 Waingereza Charles Harington na George Barger waliitengeneza maabara, na mwaka 1949 ikapatikana aina inayofyonzwa vizuri tumboni. Hiyo ndiyo levothairoksini ya leo. Kwa wanaouliza kuhusu nguruwe: homoni iliyomo kwenye kidonge hiki hutengenezwa kiwandani, haitoki kwa mnyama.

Hata hivyo watoto waliendelea kupotea, maana ugonjwa ulitambuliwa dalili zikishakomaa. Katikati ya miaka ya 1970, Jean Dussault wa Quebec, Kanada, alionyesha kuwa matone machache ya damu ya kisigino yanatosha kumtambua mtoto kabla hajaonyesha chochote. Anayeanza dawa ndani ya wiki 2 za kwanza kwa kawaida hukua na kusoma kama wenzake.

Katika nchi nyingi za Afrika kipimo hicho bado hakifanywi kwa kila mtoto, hivyo jicho la mzazi lina kazi kubwa. Angalia manjano inayozidi wiki 2, choo kigumu, ulimi mkubwa, kitovu kilichochomoza, kilio cha sauti nzito, ngozi ya baridi na mwili mlegevu. Dalili moja peke yake si ugonjwa, lakini zikijikusanya usisubiri siku ya kliniki. Mwombe daktari kipimo cha damu cha TSH.

Chumvi yenye madini joto hukinga goita, na mama mjamzito anaihitaji. Ila haiwezi kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila tezi. Huyo anahitaji kidonge.

Kidonge husagwa, kikachanganywa na maziwa kidogo ya mama au maji, akanyweshwa kwa kijiko, kila siku saa ileile. Usikitie kwenye chupa nzima, akiacha nusu hujui amepata kiasi gani. Usimpe pamoja na dawa za madini ya chuma au kalisi, na maziwa ya soya nayo hupunguza nguvu yake. Kipimo cha damu hurudiwa mara kwa mara kwa sababu mtoto anaongezeka uzito.

Hatari kubwa huja mtoto akinawiri, bibi au jirani akasema amepona, dawa iachwe. Amenawiri kwa sababu ya dawa. Akifika miaka 3 daktari anaweza kuisimamisha kwa muda na kupima tena damu, kwa kuwa kwa baadhi ya watoto tezi huwa imeanza kufanya kazi yenyewe.