Zege la povu: bidhaa inayouzwa kwa kupondeka

WAKATI bidhaa nyingi za saruji zikigombea soko kwa uimara, zege la povu lina wateja wanaolipia udhaifu wake. Mfano mmoja uko New York, katika Uwanja wa Ndege wa John F. Kennedy, ambako matofali ya aina hiyo yalitandazwa mwaka 1996 mwishoni mwa njia ya kurukia ndege namba 4R.

Sababu ilikuwapo. Februari 28, 1984, ndege ya DC-10 ya shirika la SAS ilipitiliza njia hiyo na kuingia majini ikiwa na watu 177. Kwa bahati, wote walinusurika. Mei 8, 1999, ndege ya Saab 340 yenye watu 30 nayo ilipitiliza hapo hapo. Safari hii magurudumu yalizama ndani ya matofali, ndege ikasimama kabla ya kufika majini. Mtu mmoja aliumia vibaya.

Zege hilo huchanganywa kwa saruji, maji na povu, mara nyingi pamoja na mchanga laini, bila kokoto. Mita ya ujazo ya zege la kawaida ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Ya zege la povu huanzia takriban kilo 400 hadi 1,600. Lile jepesi likigandamizwa huhimili kwanza, kisha kuta za vitundu vyake huvunjika tabaka kwa tabaka huku mzigo ukibaki karibu ule ule. Huko kuvunjika ndiko kunakomeza mwendo wa ndege. Vitundu vikiisha, zege hushindiliwa na kuwa gumu.

Kwa mjenzi wa nyumba, sifa hiyo ni hasara tupu. Zege la kilo 400 kwa kawaida halifiki niutoni 1 kwa milimita ya mraba. La kilo 1,600 linaweza kukaribia 10. Yote huitwa zege la povu, na kwa macho si rahisi kuyatofautisha. Mnunuzi anayeuliza bei ya tofali kabla ya uzito wake na matokeo ya kipimo cha siku 28 anaweza kujikuta amebebesha paa juu ya kitu kinachofaa kuzuia joto tu.

Huko uwanjani, matofali yaliyopondwa hayatumiki tena. Hung'olewa na kuwekwa mapya, na muuzaji hupata oda nyingine.